Ada 9,600,000 ya "chuo chenye jina", halafu dada karudishwa mlangoni kwenye usaili

Wakuu, nina hasira na leo sizifichi.

Mimi ni mkulima wa zabibu Hombolo, hapa Dodoma. Mdogo wangu wa kike alipomaliza kidato cha sita alichaguliwa vyuo viwili, kote shahada ya uhasibu. Kimoja cha umma hapahapa Dodoma, ada milioni moja na laki tatu kwa mwaka. Kingine cha binafsi Dar, 3,200,000. Akatumiwa namba ya siri athibitishe kimoja. Kikakaliwa kikao cha familia, wajomba, shangazi, mpaka jirani yetu mstaafu, wote wimbo mmoja: mtoto aende chuo chenye jina, akimaliza ajira itamfuata yenyewe. Akathibitisha cha Dar. Mkopo wa Bodi ukatoka wa chakula na malazi, ada yote ikabaki kwangu.

Niliuza nusu eka ya shamba. Mizabibu niliyoipanda kwa mikono yangu, ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuzaa vizuri. Aliyeinunua napita kwake kila msimu wa mavuno.

Sasa sikilizeni nilichonunua. Mwaka wa pili dada ananipigia simu, ananiambia mwalimu wao wa kodi ni wa muda tu, asubuhi anafundisha chuo cha umma kilicho jirani, jioni anakuja kwao. Rafiki yake wa huko akamtumia slaidi kwa WhatsApp. Zilezile! Hata kosa la kujumlisha kwenye mfano wa tatu limo vilevile. Yule rafiki analipa ada ambayo haifiki nusu ya yetu.

Na akitaka CPA, ile sifa ya juu ya uhasibu, mtihani ni wa NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu. Karatasi ni ileile kwa wote, aliyetoka chuo cha vioo na aliyetoka chuo cha bati. Tangazo la Sekretarieti ya Ajira, wale wanaosaili watu wa kazi za serikali, nalo nimelisoma mstari kwa mstari: "kutoka vyuo vinavyotambuliwa na Serikali". Basi. Hakuna mahali pameandikwa chuo chenye jina. Hilo jina tunalouzia mashamba linaishia kwenye vikao vyetu vya familia na kwenye kadi za michango.

Lililonichoma zaidi ni la wiki iliyopita. Kaitwa usaili wa kuandika, hapahapa Dodoma. Nimempeleka mwenyewe kwa pikipiki, saa kumi na mbili na nusu tuko getini, foleni ndefu ya vijana wa vyuo vyote mnavyovijua na msivyovijua. Kufika mlangoni anaombwa cheti halisi. Hana. Chuo kimekishikilia kwa sababu ya 150,000 ya mahafali, joho ambalo hakulivaa na sherehe ambayo hakwenda kwa kukosa nauli. Alikuwa na matokeo ya muda tu, na tangazo la kuitwa usaili lilishasema hayo hayapokelewi. Simlaumu yule afisa, alifuata utaratibu. Binti aliyekuwa nyuma yake, katoka chuo ambacho sikuwahi hata kukisikia, katoa bahasha ya kaki, cheti kikaangaliwa, kaingia. Dada kakaa kwenye ukingo wa mtaro akilia, kashika kalamu mbili mpya nilizomnunulia Majengo.

Milioni tisa na laki sita tumelipa yote, risiti ninazo, halafu wanamzuia kwa laki na nusu ya joho!

Sisemi vyuo vyote ni sawa. Anayesomea udaktari atafute chuo chenye hospitali ya kufundishia na wagonjwa wa kutosha, hapo hata leo ningeuza shamba. Lakini uhasibu? Ualimu? Utawala? Mzazi ulipe mara mbili na nusu kwa slaidi zilezile? Na nyie mnaokuja kuwaambia wazazi wa vijijini kwamba chuo fulani "kinauza", leteni tangazo moja tu la kazi ya serikali linalotaja jina la chuo.

Jumatatu napanda treni kwenda Dar na hiyo 150,000, na sitoki ofisini kwao bila cheti. Kama kuna mtu humu alizuiliwa cheti kwa ajili ya hela ya mahafali, naomba aniambie alikipataje, na kama alipeleka malalamiko TCU, ile tume ya vyuo vikuu, walimsaidia vipi.