Gumzo la Ukoo: Mwana wa Tsar

Shangazi Zuhura: Mama Idi, mwanetu kaamkaje?

Mama Idi: Shikamoo shangazi. Goti limenywea kidogo baada ya ile sindano ya kugandisha damu. Usiku kucha nimeliwekea barafu.

Shangazi Zuhura: Marahaba mwanangu. Poleni.

Salma: Pole dada. Nilikuwa nafundisha habari za Tsar, yaani mfalme, Nikolai II wa Urusi, nikakukumbuka. Alianza kupata mabinti wanne: Olga, Tatiana, Maria, Anastasia. Wa kiume, Aleksei, kaja 1904. Hajatimiza hata miezi 2, kitovu kikaanza kutoka damu.

Mjomba Salim: Kama Idi siku ya tohara. Sitaisahau siku ile.

Salma: Ndiyo ugonjwa huohuo, mjomba. Hemofilia, damu haigandi vizuri. Aliurithi kwa mama yake, Alexandra, mjukuu wa Malkia Victoria wa Uingereza. Kaka wa Alexandra alikufa nao 1873, mjomba wake 1884.

Mama Idi: Wakamsema mama?

Salma: Alijilaumu mwenyewe, dada. Na wakaficha, kwa kuwa mtoto ndiye mrithi. Hata mwalimu wao wa Kifaransa, Pierre Gilliard, mwanzoni hakuambiwa. Mwaka 1912 huko Spala, Poland, mtoto alivuja damu ndani kwa ndani, akawa analia kwa maumivu. Huku chini kuna wageni. Gilliard alimwona mama akikimbia kwenda kwa mwanawe, kakusanya gauni lake refu mikononi, uso umemsawijika. Dakika chache baadaye karudi kwa wageni, anatabasamu.

Shangazi Zuhura: Ya Rabi. Moyo wa mama!

Mama Idi: Hapo kwenye kutabasamu nimelia. Ndivyo nilivyokuwa harusini kwa wifi.

Mjomba Salim: Na huyo mtoto alikuwa anacheza?

Salma: Mtundu haswa! Mabaharia wawili walimfuata kila aendako asianguke. Baiskeli alikatazwa.

Mama Idi: Idi kila siku baiskeli, baiskeli.

Shangazi Zuhura: Aliishia wapi?

Salma: Waliuawa wote, shangazi. Wazazi na watoto 5, usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1918, huko Yekaterinburg, Urusi. Alikuwa na miaka 13, hawezi kutembea. Baba yake ndiye aliyembeba kushuka ngazi.

Shangazi Zuhura: Jamani, watoto wa watu.

Mama Idi: Shangazi, shuleni kwa Idi hakuna anayejua. Nilisema ana mguu mbovu tu. Kesho naenda kumweleza mwalimu wake.

Shangazi Zuhura: Nipitie saa 2 asubuhi, twende wote.