Faili la fomu likifika limeharibika, tulaumu mtandao wa Kigoma au seva ya wenye tovuti?

Mtoa mada, Mwanga, Kigoma

Ndugu zangu, msimamo wangu nautanguliza ili anayetaka kuupinga asipate shida ya kuutafuta: taasisi inayowataka wananchi wapakue fomu kwenye tovuti yake haina haki ya kuwaambia kwamba mtandao wao ni mbovu kabla haijakagua seva yake yenyewe, yaani kompyuta inayoyatoa mafaili hayo.

Nina steshenari hapa Mwanga, na kwa muda wa wiki mbili nimekuwa nikiwarudishia watu hela zao kwa sababu fomu moja ya maombi, iliyowekwa katika mfumo wa PDF, ilikuwa ikishuka hadi mwisho bila kukatika, kisha inakataa kufunguka. Wengine walitoka Mwandiga na Kalinzi, na nauli yao ndiyo hiyo imekwenda. Nilipowapigia simu wahusika, ambao sitawataja, nilijibiwa kwamba huko Kigoma mtandao unasumbua, nijaribu usiku. Nilijaribu usiku. Faili lilishuka upesi zaidi, nalo lilikuwa limeharibika vilevile.

Hiyo "vilevile" ndiyo iliyonitia shaka. Nililipakua mara tatu, kwa laini za kampuni mbili, kwenye simu na kwenye kompyuta, na mara zote ukubwa ulikuwa mmoja hadi baiti ya mwisho. Mtandao dhaifu hauharibu kwa nidhamu kiasi hicho: leo faili litakatikia hapa, kesho pale, na kile kipande kilichofika huwa kizima, kwa kuwa itifaki ya TCP, yaani kanuni zinazosimamia usafirishaji wa data, hukagua kila pakiti (kipande kidogo cha data) na iliyoharibika hutumwa upya. Nikalifungua kwa programu inayoonyesha baiti mojamoja. PDF halali huanza na alama ya asilimia ikifuatiwa na herufi PDF. Hili lilianza na 1f 8b, ambayo ni alama ya gzip, mfumo wa kubana data uliotolewa na Jean-loup Gailly na Mark Adler mwaka 1992. Nikaongeza .gz mwishoni mwa jina, nikalifumua kama mafaili mengine yaliyobanwa, na fomu ikatoka nzima, na nembo yake juu.

Kwa hiyo faili halikuharibiwa na mtu. Lilibanwa na seva, na mpokeaji hakuambiwa. Kivinjari kinapoomba kitu huieleza seva kwamba kinaweza kupokea kilichobanwa, na seva ikikubali hutanguliza tamko la Content-Encoding ili kivinjari kijue kwamba kinapaswa kufumua. Tamko hilo likikosekana, au likifutwa na msimbo wa tovuti, kivinjari huuhifadhi mzigo kama ulivyofika na kuupa jina la PDF. Swali langu kwenu: je, tovuti zinazotoa fomu za umma zisilazimishwe kuzima kabisa ubanaji huu?

Mchangiaji, Tabora mjini

Ndugu mtoa mada, uchunguzi wako nauheshimu, ila hukumu yako imetangulia ushahidi. Ninatunza tovuti ya chama cha wakulima, na ukurasa wetu unaosomwa zaidi ni jedwali refu la bei na makato. Ukurasa wa maandishi kama huo ukibanwa kwa gzip hubaki theluthi au robo ya ukubwa wake, na mkulima wa Urambo au Sikonge anayenunua bando la siku anauona upungufu huo mfukoni. Ukizima ubanaji kabisa unamtoza yeye kosa la fundi mmoja aliyeandika msimbo vibaya.

Tena mtandao usiusafishe kiasi hicho. Mtu akianza kupakua, umeme ukakatika, kisha akaendelea pale alipoishia, seva isiyotofautisha nakala iliyobanwa na isiyobanwa inaweza kumpa nusu ya pili kutoka kwenye nakala tofauti na ile ya kwanza, na vipande hivyo viwili havishonani. Hapo kosa ni la seva, sikatai, lakini lisingejitokeza kama mtandao ungekuwa imara.

Mtoa mada

Kaka, kuhusu kurasa za maandishi nakubali, na neno "kabisa" nalifuta. Mafaili ya kupakuliwa ndiyo sikubali. PDF kwa kawaida imekwisha kubanwa ndani yake. Picha za JPEG vilevile. Na faili la Word lenye mwisho wa docx ni kifurushi cha zip, ndiyo maana ukilichungulia linaanza na herufi PK. Kubana tena vitu hivyo ni kukamua chikichi lililokwisha kamuliwa: kazi inafanyika, mawese hayaongezeki. Bado hujanionyesha senti ambayo mkulima wako anaokoa hapo.

Na kuna ubaya wa pili ambao umeupita. Msimbo wa tovuti hupima faili, ukatangaza ukubwa wake halisi kwa Content-Length, kisha PHP, lugha ya programu inayoendesha tovuti nyingi, ikalibana baada ya kipimo kutangazwa. Kinachosafiri hakilingani na kilichotangazwa, na kivinjari ama hubaki kikisubiri baiti zisizokuja, ama hukata tamaa na kusema upakuaji umeshindikana. Mteja wangu mmoja, mama mtu mzima, alikaa kwenye benchi akitazama asilimia 87 hadi bando lake likaisha. Dawa yake haihitaji bajeti: kwenye msimbo unaotoa mafaili, zlib.output_compression, yaani swichi ya ubanaji ya PHP, izimwe, na akiba yoyote ya matokeo (maandishi yaliyokusanywa yakisubiri kutumwa) isafishwe kabla ya baiti ya kwanza, maana hata nafasi tupu moja iliyotangulia inaweza kulivuruga faili la zip. Nginx yenyewe, programu ya seva inayotumika sana, ubanaji ukiwashwa bila maelekezo mengine, hubana kurasa za HTML tu. Aliyeiambia ibane na PDF ni mtu.

Mchangiaji, Kasulu

Mimi ni mwalimu, hayo ya baiti nayafuata kwa mbali. Ombi langu ni dogo: kando ya kila fomu uandikwe ukubwa wa faili, ili nikipakua nikaona tofauti nijue mapema kwamba nimepokea kitu kingine, kabla sijawapanga wanafunzi foleni kwenye kompyuta moja.

Mchangiaji, Tabora mjini

Mwalimu, ukubwa utakusaidia, lakini faili linaweza kuwa na ukubwa sahihi na yaliyomo yakawa mengine. Kipimo cha uhakika ni SHA-256, alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili, yenye herufi na tarakimu 64, ingawa sijui ni nani atakayezilinganisha kwa macho pale kaunta.

Kwako mtoa mada: jana usiku nilikagua tovuti yetu kwa curl, amri ya kompyuta ya kuomba mafaili bila kivinjari, nikiomba mara moja kwa kukubali ubanaji na mara nyingine bila kukubali. Jedwali letu la Excel lilikuwa linabanwa bila faida yoyote, nimelitoa kwenye orodha ya vinavyobanwa. Ukurasa wa bei nimeuacha ubanwe, na hapo sisogei. Ila nakuuliza jambo moja: ile fomu uliyoifumua mwenyewe, unawachapia watu?

Mtoa mada

Ninawachapia, kwa sababu mwisho wa maombi ni Ijumaa na wahusika bado wanasema nijaribu usiku. Najua wakibadilisha fomu leo, yangu itakuwa ya zamani na mteja atarudishwa dirishani, kwa hiyo kila asubuhi naipakua upya, naifumua, nalinganisha tarehe iliyoandikwa chini ya ukurasa, ndipo nafungua duka. Kazi hiyo si yangu, na hakuna anayenilipa kwa ajili yake.