Paka wangu anajikuna mpaka anatoka vidonda, inawezekana ni chakula? (Kigoma)

binti_mwanga:
Habari zenu wadau. Nipo Kigoma mjini huku Mwanga, naombeni msaada maana nimehangaika na huyu paka mpaka nimechoka. Anaitwa Chausiku, jike, ana miaka 4 hivi. Anajikuna kichwani na shingoni mpaka ngozi inachubuka, ukipapasa nyuma ya masikio unakuta vipele vimekauka vina magamba, na kila wiki lazima atapike mara mbili tatu, choo nacho ni laini muda wote. Usiku nikilala namsikia anajikuna tu, roho inaniuma kwa kweli.

Anakula chakula cha nyumbani, ugali na dagaa, siku nyingine vichwa vya migebuka, mchuzi tunaunga na kitunguu na mawese kama kawaida ya huku. Asubuhi nampa maziwa kidogo. Tukipika nyama ya ng'ombe anapata vipande. Dawa ya minyoo nimempa mara mbili, ya viroboto nimempaka, wapi. 2024 alichomwa sindano akapona kabisa, manyoya yakarudi shingoni, nikamshukuru Mungu, halafu mwezi wa 9 yakaanza upya. Nakumbuka vizuri kwa sababu alipona kipindi kile Ziwa Tanganyika limefungwa watu wasivue, dagaa wameadimika, yeye nikawa namchukulia shingo na utumbo wa kuku kwa jirani anayechinja. Sasa je nirudie ile sindano au kuna kitu kingine? Nani kapitia hii?

fundi_boti:
Pole dada. Hao ni viroboto tu wamezidi, chukua ile dawa ya kuogeshea ng'ombe changanya kidogo sana na maji umuogeshe, mimi mbwa wangu nilimfanyia hivyo akapona ndani ya wiki.

daktari_wa_mifugo:
Dada nakuomba sana usifanye hivyo. Kaka hapo juu najua umesema kwa nia njema ila paka siyo mbwa mdogo. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe na za kupe za mbwa zina permetrini au sipametrini au amitrazi, ini la paka haliwezi kuzivunja kama la mbwa linavyofanya, anaanza kutetemeka, anadegedeka, na wengi wanakufa. Na tukiwa hapohapo, paka asipewe panadol hata robo kidonge, nimeshaletewa wawili ambao walipewa kwa huruma tu na sikuweza kuwaokoa.

Sasa turudi kwa Chausiku. Dada jibu umeliandika mwenyewe labda hukuliona. Ziwa lilifungwa katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, miezi 3, paka hakula samaki, akapona. Ziwa likafunguliwa, dagaa wakarudi sahanini, mwezi wa 9 anajikuna. Sindano kama ilikuwa ile ya kutuliza muwasho nguvu yake huwa inaisha baada ya wiki kadhaa, haiwezi kurudisha manyoya miezi yote hiyo peke yake. Mimi naona hii ni aleji ya chakula, na kwa paka vyakula vinavyoongoza kuleta aleji ni nyama ya ng'ombe, samaki na kuku. Kuwashwa kichwani na shingoni pamoja na kutapika na choo laini vikija pamoja hivyo, chakula lazima kishukiwe.

Kwanza hakikisha viroboto kweli hawapo. Mchane kwa kitana chenye meno ya karibu juu ya kitambaa cheupe kilicholowa maji, zikidondoka chembe nyeusi subiri kidogo, zikitoa wekundu hizo ni kinyesi cha kiroboto maana ndani ni damu. Angalia na masikio, uchafu mweusi kama unga wa kahawa unaweza kuwa utitiri, huo una dawa yake.

Kama hakuna, basi unamlisha kitu kimoja tu wiki 8. Kimoja kabisa. Kwa kawaida nashauri nyama ambayo paka hajawahi kuizoea, sungura au bata au mbuzi, lakini huyu wako kuku alishamla miezi 3 na akapona, na kuku unampata kwa urahisi, kwa hiyo anza na kuku. Mchemshe bila kitunguu, bila kitunguu saumu, bila chumvi wala mafuta. Kitunguu kinavunja chembe nyekundu za damu za paka, kwa hiyo ule mchuzi achana nao kuanzia leo, aleji au siyo aleji. Maziwa pia acha, paka wengi wakishakua tumbo halimudu ile sukari ya maziwa, huenda sehemu ya huo uharo inatoka hapo. Ugali usimpe, nguvu yake paka inatoka kwenye nyama.

Usimbadilishie ghafla. Changanya kidogokidogo kama wiki nzima, na zile wiki 8 anza kuhesabu siku dagaa wa mwisho alipoondoka. Akigoma kula siku mbili usimwambie "njaa itakufundisha", paka asipokula mafuta yanajaa kwenye ini na anaweza kufa, hapo mlete. Mtilie na moyo wa kuku kila siku na yale maji aliyochemshiwa huyo kuku mpe, kuna kitu kinaitwa taurini paka hawezi kuishi bila hicho, akikosa muda mrefu moyo na macho vinaharibika, na nyama ikichemshwa sehemu yake inabaki kwenye maji. Mifupa iliyopikwa usimpe, inapasuka inachoma utumbo. Badala yake saga ganda la yai liwe unga laini kabisa, nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo ya nyama.

bibi_wa_ujiji:
Mwanangu mimi nimezaliwa hapa Ujiji, paka wetu wote tangu enzi za mama yangu wanakula dagaa, wanawasubiri wavuvi alfajiri. Leo dagaa imekuwa sumu? Siyo kwamba nabisha, nauliza tu nielewe.

daktari_wa_mifugo:
Shikamoo bibi. Dagaa siyo sumu na paka wako endelea kuwapa, ila wapikwe, samaki mbichi kila siku wanamaliza vitamini B1 mwilini. Aleji inamchagua paka mmoja mmoja, na mara nyingi inatokana na kile anachokula kila siku kwa miaka, mwili unakizoea weee halafu siku moja unaanza kukikataa. Ndiyo maana wa Kigoma atashikwa na dagaa, wa kwa wafugaji atashikwa na nyama ya ng'ombe au maziwa.

mnyamwezi_isevya:
Mimi niko Tabora, Isevya, dume langu lilikuwa na shida hiyohiyo ila lenyewe ni nyama ya ng'ombe. Dada chakula wala siyo kazi, kazi ni watu. Nilimuweka kwenye nyama ya sungura, wiki ya 4 naona hamna nafuu, nikataka kukata tamaa, kumbe mtoto wangu wa mwisho anamdondoshea mishikaki chini ya meza na mama wa nyumba ya pili kila jioni anamwekea masalia kwenye kifuniko cha ndoo kwa upendo wake. Ilibidi nianze upya kuhesabu siku 1. Kwa hiyo ongea na majirani mapema na uwaeleze vizuri ni ugonjwa, wasidhani unawanyima baraka. Usiku mfungie ndani maana anawinda panya na mijusi na hapo hujui kala nini. Na andika kwenye daftari kila siku, kajikuna au hakujikuna, katapika au hakutapika, kichwa kinadanganya.

binti_mwanga:
Jamani mmenitoa machozi, yaani ziwa kufungwa niliandika kama kumbukumbu ya tarehe tu. Kitana nimepitisha, kitambaa hakina kitu. Masikio masafi. Jirani zangu wa upande wa Kibirizi wanaanika dagaa uani kwahiyo Chausiku atakaa ndani, sina namna. Naanza kesho.

binti_mwanga (wiki 3 baadaye):
Kutapika kumeisha tangu wiki ya pili. Choo kimeshika. Ila bado anajikuna, nimepata wasiwasi, daktari hii ni sawa?

daktari_wa_mifugo:
Sawa kabisa. Tumbo linatangulia, ngozi inachelewa, na kidonda kinachokunwa hakiponi haraka. Usiongeze dawa yoyote, endelea.

binti_mwanga (wiki ya 12):
Wadau nimerudi. Vidonda vimekauka wiki ya 6, sasa hivi shingo imefunikwa na manyoya yote, analala usiku mzima pembeni yangu kimya. Daktari alinipigia akasema nimrudishie dagaa kwa makusudi ili tuwe na uhakika, nilikataa mwanzoni kwa huruma, baadaye nikakubali, nikampa wa kuchemsha kidogo asubuhi na jioni. Siku ya 4 kaanza kukuna shikio la kulia, ya 5 katapika, nikasimamisha hapohapo nikamrudisha kwenye kuku. Imechukua siku 10 kutulia. Kwahiyo ni dagaa, hakuna ubishi tena, migebuka sijathubutu kumjaribu kabisa.

Wiki hii nimempa nyama ya ng'ombe na mpaka leo siku ya 6 yuko vizuri, daktari kasema nifikishe siku 14 ndiyo niseme ni salama. Baada ya hapo najaribu yai. @mnyamwezi_isevya daftari limejaa mpaka kurasa za nyuma, asante sana.

mnyamwezi_isevya:
Yai mpe lililochemshwa, na lijaribu peke yake, usichanganye na kitu kingine kipya wiki hiyo.