Tupeane uzoefu: nati ya shokapu iliyokugomea uliifunguaje?

Wakuu, naanza mimi. Jumamosi nilijipanga kubadili shokapu mbili za nyuma mwenyewe. Upande wa kulia, dakika 40, nikaanza kujiona fundi. Upande wa kushoto nati ya juu ikanikalia mpaka giza likaingia. Kukaza ilikuwa imekaza, lakini shida kubwa ni kwamba nikizungusha nati, fimbo ya shokapu nayo inazunguka. Pale kwenye ncha ya fimbo pana bapa mbili za kushikia kwa spana ndogo, zangu zilishaliwa na kutu, spana inateleza tu.

Saa kumi na mbili jioni ndipo nikajiuliza: hii shokapu si inakwenda jalalani? Naihurumia ya nini? Nikakata ile kava ya plastiki ya vumbi, nikaibana fimbo kwa plaizi ya kujifunga, mkono wa plaizi nikauegemeza kwenye chasisi, nikavuta spana. Nati ikalia kwiiii, ikaja. Ila angalizo: kama shokapu utairudisha, usithubutu kuibana fimbo hivyo. Mkwaruzo mmoja tu unakata sili na mafuta yanaanza kuvuja.

Haya, nanyi semeni.

Spana_Mkononi
Mkuu pole. Kosa la wengi ni haraka. Mtu ananyunyiza mafuta ya kulegezea, dakika tano tu kashapanda juu ya spana. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo pale kwenye thredi imejibana kama kabari. Mafuta yapewe muda yatambae.

Mimi kama kazi ni Jumamosi, naanza Alhamisi. Kwanza brashi ya waya kwenye thredi zilizo wazi, maana ukiacha ule uchafu mafuta yanaishia juu juu, na pia nati ikianza kutoka itakwamia hapo hapo. Nanyunyiza. Ijumaa asubuhi tena, jioni tena, na kila mara nagonga ubavu wa nati kwa nyundo, kugonga kwa adabu, ile mitikisiko ndiyo inafungua njia. Siku yenyewe sianzi kwa kufungua: nakaza kidogo kwanza, nikisikia "tak" narudi kinyume. Ikitoka nusu mzunguko na kuanza kuwa nzito, narudisha, naongeza mafuta, naendelea. Ukilazimisha unakata bolti, na hapo ndipo kazi ya asubuhi inageuka kazi ya wiki.

ChiniYaGari
Mimi niliponzwa na boksi (spana ya kikombe inayovikwa juu ya nati) ya pembe 12. Inaingia kirahisi, lakini inashika nati kwenye kona tu. Nilivuta mara mbili, kona zote zikawa duara. Nilichofanya: nati ni ya milimita 17, nikachukua boksi ya 16 ya pembe sita, nikaipigilia kwa nyundo mpaka ikakaa. Ikafungua. Kuitoa nati ndani ya ile boksi ilikuwa vita nyingine, sitaki kuisimulia.

MsumenoKwanza
Nitapingana kidogo na Spana_Mkononi. Kuna sehemu mafuta hayakusaidii hata ukinyunyiza wiki nzima: bolti ya chini iliyogandia ndani ya bomba la chuma la bushi (ule mpira wa kwenye jicho la shokapu). Nati inatoka vizuri, unafurahi, halafu bolti haisogei. Ukizungusha, inazunguka na bushi nzima, mpira unanesa na kurudi. Unagonga, mpira unakumeza nguvu yote.

Nilihangaika nayo kwa muda wa saa tatu kabla ya kukubali. Siku hizi nikishaona mpira unazunguka na bolti, napitisha msumeno wa chuma kati ya bushi na mabano, kulia na kushoto, shokapu inadondoka yenyewe. Sharti moja: bolti mpya uwe nayo mkononi kabla hujakata, na iwe ya daraja lile lile. Angalia kichwani, imeandikwa 8.8 au 10.9. Usiweke bolti ya kufungia meza.

Fundi_Mgeni
Naomba kuuliza. Zangu ni za mbele, zina springi imezunguka shokapu. Naona nati kubwa katikati pale juu, ndani ya boneti. Hiyo ndiyo naanza nayo?

Spana_Mkononi
HAPANA. Iache hiyo kabisa! Ndiyo inayozuia springi iliyobanwa, ukiifungua hivyo inafyatuka na inaweza kukuua. Utafungua zile ndogo za pembeni zinazoshika kikombe cha juu, utoe kitu kizima, kisha springi ibanwe kwa kibanio chake ndipo uguse ya katikati. Kama kibanio huna au hujawahi kukitumia, hatua hiyo mpelekee mwenye nacho.

MotoMdogo
Na mimi niwaambie kuhusu moto. Joto linatanua nati na linavunja kutu, ni kweli. Ila mimi niliwasha tochi ya gesi mahali nilipotoka kunyunyiza mafuta. Nyusi zimeota tena, asanteni. Tena shokapu nyingi zina gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa ndani, ukizipasha mwili zinaweza kupasuka. Bado kuna mpira wa bushi na hosi ya breki jirani. Moto siugusi tena huko.

Kushoto_Kulia
Msinicheke. Nilivuta robo saa, nikaongezea bomba refu kwenye mkono wa spana, kumbe nakaza. Ukilala chini ukaitazama nati kwa upande wa nyuma yake, kichwa kinakudanganya.

ChiniYaGari
@Kushoto_Kulia hatucheki, tunakohoa.

SpringiIliruka
Fupi: kabla hujafungua bolti ya mwisho nyuma, weka jeki ya pili chini ya ekseli, mbali na zile stendi zinazobeba gari. Kwenye magari mengi shokapu ndiyo inayozuia ekseli isishuke kupita kiasi. Yangu ilishuka, springi ikatoka ikabingirika, hosi ya breki ikabaki imevutika kama uzi wa gitaa. Ilibidi ninunue hosi nyingine.

Mwanzisha mada
Nimesoma yote, nashukuru. Swali moja: bolti ya chini nimeikaza gari likiwa bado limening'inia kwenye stendi. Kuna ubaya?

MsumenoKwanza
Upo. Bushi imefungwa ikiwa katika hali ya kuning'inia, gari likishuka mpira unabaki umejipinda muda wote, utachanika mapema. Legeza, shusha gari likae kwa uzito wake, ndipo ukaze.

Mwanzisha mada
Basi narudi chini ya gari. Bahati nzuri safari hii thredi nilizipaka grisi.