Natafuta chumba na sebule nje kidogo ya mji

Jamani naombeni msaada, nataka chumba na sebule choo ndani, kodi isiyoumiza, madalali wamenichosha kila mmoja anataka hela ya kuonyesha tu

— Shuka kituoni tembea kwa miguu, uliza wauza duka na walinzi. Nyumba nyingi za bei nafuu hazifiki mtandaoni kabisa

— Ila piga hesabu ya nauli ndugu, mimi nilihama nikafurahia kodi ndogo kumbe nauli ya kwenda na kurudi inakula tofauti yote, nikarudi nilikotoka 😂

— Fungua bomba uone maji yanatoka kweli, na uliza kama mita ya umeme ni yako peke yako au mnachangia. Usitume hela hujaona mkataba

— Hilo la mita sikuwaza kabisa! Jumamosi naingia mtaani