Fundi kaniwekea kitasa mlango wa gereji, sasa gari limefungiwa ndani

Wakuu, nina hasira, mtanisamehe uandishi.

Hapa kwangu Kimara nina gereji ya kulaza gari, mlango wake ule wa mabati wa kupanda juu, unavutwa na mota kwa rimoti. Umeme ukikatika ndiyo basi. Kile kikamba cha kuachanisha mlango na mota kiko ndani, na gereji haina mlango mwingine. Nikamwambia fundi nataka kile kitasa kidogo ambacho waya wake unafungwa kwenye hicho kikamba, ukizungusha ufunguo ukiwa nje, ukivuta, mota inaachia. Nikampa na hela ya kununulia.

Karudi na kitasa cha mkono wa T, chenye vyuma viwili vinavyoingia kwenye reli kushoto na kulia. "Bosi, hiki ndiyo kiboko, hata nondo haikifungui." Nikanyamaza. Hapo nilikosea, najua, msinianze.

Futi kamba hana, anapima kwa shubiri. Tundu la kwanza likaenda pembeni, akaliziba kwa sabuni ya mche. Jamani, sabuni, kwenye mlango unaonyeshewa mvua! Skrubu kazipigia kwa nje, vichwa vinamtazama kila mpita njia, mwizi aje na bisibisi tu. Silinda ilipogoma akaomba mafuta ya kupikia jikoni kwangu. Mafuta yale yanakamata vumbi, ufunguo sasa unaingia kama unachoma mhogo mbichi. Angekwangua risasi ya penseli kama watu wengine.

Sasa sikieni. Jumapili usiku nikafunga kitasa, nikalala. Alfajiri mama watoto akabonyeza rimoti kama kawaida. Mota ikanguruma, inavuta juu, vyuma vimeng'ang'ania reli. Bati la juu likakunjika katikati kama kopo la maziwa lililokanyagwa. Mlango haushuki, haupandi. Gari ndani, mimi nikaenda kugombania mwendokasi na tai shingoni.

Nampigia: "Bosi, ulitakiwa uchomoe waya wa mota kwanza ndiyo ufunge kitasa." Uliniambia lini? Kitasa cha vyuma na mota havikai mlango mmoja mpaka uzime mota, au uweke swichi inayokata umeme kitasa kikifungwa. Fundi wa milango hilo hulijui, unajua kudai hela ya nauli tu!

Nimemwambia arudishe pesa, kaacha kupokea simu. Mwenye fundi anayeweza kunyoosha bati moja bila kuninunulisha mlango mzima anicheki PM, tafadhali awe na futi kamba.

Na wewe fundi, humu unapita, nakujua. Paketi niliiokota kwenye takataka, imeandikwa funguo 3. Mimi ulinikabidhi 2. Wa tatu uko wapi?