Nikikaa nyuma ya darasa, darasa linabadilika. Data hizi nizitumie au nizitupe?

Dawati la Nyuma

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi. Niko kwenye tasnifu ya uzamili wa elimu. Mada yangu ni namna walimu wanavyouliza maswali na wanafunzi wanavyokuwa wakati huo. Msimamizi alikataa dodoso. Alisema mwalimu ukimuuliza kama huwapa watoto muda wa kufikiri atakujibu ndiyo, na wala hatakuwa anadanganya, ndivyo anavyojiona. Nenda ukashuhudie mwenyewe. Nikafurahi, nikidhani ushuhudiaji ni kiti, daftari na macho tu.

Wiki ya kwanza imenitoa jasho. Kipindi cha nne, hesabu za sehemu, mwalimu aliuliza swali na mikono ikawa juu kabla hajalimaliza. Nikaandika haraka "ushiriki mkubwa". Mara mtoto mmoja wa mbele akauliza kwa sauti, bila hila yoyote: "Mwalimu, tujibu kama jana?" Darasa zima kicheko, mwalimu akageukia dirishani, mimi nikajifanya natafuta kalamu. Kumbe somo walishalifanyia mazoezi kwa ajili yangu.

La pili ni fomu. Ina safu kama "nidhamu ya darasa: nzuri, wastani, mbaya" na "mwalimu anajali wanafunzi: 1 hadi 5". Mwenzangu alikaa nami kipindi kimoja tulinganishe. Yeye kaweka nidhamu mbaya, mimi nzuri. Kelele zilezile, mwenzangu kasikia fujo, mimi nimesikia kazi ya vikundi.

La tatu ndilo linaninyima usingizi. Mkuu wa shule, aliyenipokea kwa mikono miwili, ameniomba kwa upole nakala za fomu zangu "ili ajue nani anafundisha na nani anapoteza muda". Nifanyeje? Na data za wiki hii nizipeleke wapi?

MzeeWaRejesta

Marahaba. Nimeshuhudiwa darasani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, acha nikupe habari za upande wa ubaoni. Mgeni mwenye fomu akiingia, nafundisha lile somo ninaloliweza kuliko yote. Nani asiyefagia ua akisikia hodi? Usimlaumu mwalimu wa watu.

Kosa ni lako: umeingia leo, umeanza kuandika leo. Kaa siku tatu nne bila kujaza fomu, uzoeleke kama kabati. Watoto huzoea upesi. Wakiacha kugeuka kukutazama kila mmoja wao anapokosea, ujue umeanza kusahaulika. Mwalimu huchukua muda zaidi. Mwombe ridhaa ya wiki mbili nzima, lakini asijue ni vipindi vipi utakavyojaza fomu. Onyesho moja analiweza kila mtu. Maonyesho kumi mfululizo yanachosha, na akichoka atarudi kwenye ufundishaji wake.

Usiku Mwema

Tabu yote ya nini? Tega simu kabatini irekodi, utapata darasa halisi.

Binti Kalamu

@Usiku Mwema, ushauri huu utamfukuzisha mtu chuo. Wale ni watoto, wazazi hawajaridhia na mwalimu hajui. Kamati ya maadili haitasoma hata ukurasa wa pili.

Kamera ya wazi, yenye ridhaa, ni jambo jingine. Jacob Kounin, mtafiti wa nidhamu ya darasani, alitumia picha za video za madarasa, na matokeo aliyochapisha mwaka 1970 yalishangaza wengi: namna mwalimu alivyokemea utundu ukishatokea haikutofautisha madarasa tulivu na yenye vurugu. Tofauti ilikuwa kwenye yale yaliyotangulia, mwalimu anayeonekana kujua kila kona kinafanyika nini, anayehama kutoka zoezi hadi zoezi bila kuacha pengo. Kwa hiyo Dawati, ukiandika "mtoto kampiga mwenzake rula" halafu basi, umeandika mkia. Andika na dakika moja ya kabla yake. Mara nyingi utakuta daftari zilikuwa zinagawiwa na nusu ya darasa haina la kufanya.

Kikokotoo

Mimi nakuja kwenye fomu, maana ndiyo mgonjwa wako mkubwa. "Nzuri" na "anajali" ni hukumu, na mambo ya namna hiyo hayahesabiki. Mtafiti Ned Flanders alipotengeneza mfumo wake wa kunakili mazungumzo ya darasani aliweka makundi 10 tu: 7 ya mazungumzo ya mwalimu, 2 ya wanafunzi, 1 la ukimya au mvurugano. Mshuhudiaji huandika namba moja kila sekunde 3. Una haki ya kuulalamikia, maana hauoni kilichoandikwa ubaoni wala sura ya mtu, lakini watu wawili wakifunzwa vizuri wanaweza kuandika namba zinazokaribiana.

Kwa maswali, chukua saa ya kupimia. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alikuta walimu husubiri wastani wa sekunde 1 hivi baada ya kuuliza, kisha hurudia swali au humpa mwingine. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi majibu yalirefuka, na "sijui" zikapungua. Mikono iliyosimama kabla swali halijaisha? Hapo muda wa kusubiri ni sifuri. Fomu yako ingeshtuka kabla ya yule mtoto kuropoka.

Kwa tabia, kila baada ya dakika 1 mtazame mtoto mmoja, ukifuata safu za madawati, uandike anachofanya nukta ile ile. Asiwe yule anayekuvutia macho. Mtundu mmoja akila macho yako yote, utaandika darasa zima ni tundu.

Halafu makubaliano ya washuhudiaji. Usiridhike na asilimia peke yake. Tuseme mmetazama mara 100: wote wawili mmeandika "yuko nje ya kazi" mara 2, wote wawili "yuko kazini" mara 88, mmetofautiana mara 10, tano kila upande. Makubaliano ni 90%, mtu atapiga vigelegele. Lakini kila mmoja aliona utoro wa akili mara 7 tu, na kwa bahati peke yake mngekubaliana karibu 87%. Kapa ya Cohen, kipimo cha makubaliano kinachoondoa yale ya bahati (1 ni makubaliano kamili, 0 ni bahati tupu), inatoka 0.23 hivi. Yaani mmetoka kapa kweli.

Binti Kalamu

Kuhusu mkuu wa shule: usimpe. Wala usikatae kwa kukunja uso, maana mlango ni wake. Rudi kwake na ile barua ya ridhaa uliyowasainisha walimu. Kama iliandika kwamba taarifa zitabaki za utafiti, msomee sentensi ile. Kama haikuandika, hilo ni shimo la kuziba kesho asubuhi, kabla ya kipindi kingine.

Mwahidi kikao mwishoni, umweleze picha ya jumla, mfano muda wa kusubiri majibu kwa walimu wote kwa pamoja. Angalia tu idadi. Mwalimu wa hesabu akiwa mmoja, ukisema "kwenye hesabu niliona hivi" umeshamtaja jina. Na fomu ziwe na namba, orodha ya majina ikae kwako nyumbani. Fomu husahaulika mezani, nimeona.

Data za wiki hii usitupe. Ziite jaribio la awali. "Tujibu kama jana?" iingie kwenye maelezo ya uwandani neno kwa neno.

Dawati la Nyuma

Asanteni sana. Nimerudi na mrejesho. Mkuu wa shule alinyamaza kidogo, akaisoma barua mara mbili, akauliza kama kile kikao kinaweza kuwa na walimu wote badala ya yeye peke yake. Nimekubali.

Fomu nimeivunja, imebaki makundi 6. Siku ya tatu ya kukaa kama kabati, mtoto mmoja aliniletea penseli nimchongee. @MzeeWaRejesta, hiyo ni kuzoeleka au nimeshapitiliza?

MzeeWaRejesta

Umepitiliza. Kesho sogeza kiti, na hicho kichongeo kiache nyumbani.